Kulinda Mwanza 1916 na vikosi vichovu: kete bora iliwekwa wapi na kwa nini

Wakuu, leo naleta kisa kimoja tu ila nakichambua chote, maana kila tukicheza hii gemu ya bodi ya Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Ziwa Victoria watu wanabishana palepale: ukiwa Mjerumani Juni 1916, Ukerewe imeshachukuliwa, Mwingereza ana meli na we una vikosi vya kuunga unga, unaviweka wapi? Wengi wanajaza kila kitu Mwanza mjini, wengine wanatawanya ufukweni kote. Mi nasema kete yako nzuri kuliko zote isikae mbele kabisa, ikae kwenye njia ya kutokea, na zile dhaifu ndo ziende mbele. Nitaeleza kwa hesabu, sio kwa maneno matupu.

Kwanza hali halisi ilivyokuwa, kwa wasioijua. Mwaka 1916 Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza, alishasukuma upande wa Kilimanjaro tangu Machi, Wabelgiji wanashuka kutoka Rwanda na Burundi na jeshi la zaidi ya watu 10,000, na huku kwetu Ziwani kuna Brigedia Jenerali Crewe na kikosi chake cha Ziwa, watu kama 2,000 hivi. Mwezi Juni akachukua Ukerewe, kisiwa chenye mchele, yaani akapata ghala na bandari mlangoni kwetu. Nyuma yake kuna Kisumu, na Kisumu reli ilifika tangu 1901, kwa hiyo risasi na unga vinatoka Mombasa kwa treni vinapakiwa melini. Mjerumani wa Mwanza hana hiyo. Reli ya kati ya Dar es Salaam hadi Kigoma ilikamilika 1914 lakini ile ya Tabora kuja Mwanza ilifika 1928, kwa hiyo wakati wa vita kati ya Mwanza na Tabora ni miguu na wapagazi tu, kama kilomita 360 kwa barabara ya leo. Shika hiyo, ndo kiini cha kila kitu.

Nasisitiza kwa sababu watu wakisoma habari za vita hii wanaishia Tanga, Novemba 1914, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na watu kama 1,000 kawachapa Waingereza na Wahindi kama 8,000, basi kila mtu akikaa upande wa Mjerumani anataka afanye Tanga yake. Sasa Tanga iliwezekana kwa sababu kulikuwa na reli ya Moshi mpaka Tanga, kombania zinapakiwa huku zinashushwa kule, wachache wanajazana sehemu moja kwa wakati unaotakiwa. Ukiwa Mwanza huna hata kilomita moja ya reli. Kikosi ulichokiweka Bukoba ni cha Bukoba hukohuko, hakikufikii. Na hata Lettow mwenyewe baada ya mapigano ya Jasin, Januari 1915, pamoja na kwamba alishinda, aliona maafisa na risasi alizopoteza pale hazilingani na alichopata, akaacha mambo ya kupigana vita kubwa kubwa.

Sasa bodi yetu. Ramani imechorwa kwa mkono kwenye manila na kubandikwa kwenye plaiwudi, inaanzia Bukoba na Kisumu inashuka hadi Tabora, vyumba vya pembe sita, kila chumba kama kilomita 20. Zamu moja ni theluthi ya mwezi, kama siku 10. Zamu ya 1 inaanza Juni 11, ya 11 inaisha Septemba 30. Mjerumani anatembea kwanza, wengine wanafuata. Mpinzani wangu upande wa Crewe alikuwa mwalimu mstaafu mmoja wa Nyegezi, mzee wa bao haswa, hakurupuki, anaweza kukaa na kete mkononi mpaka chai ipoe. Wabelgiji alishika binti mmoja wa chuo, fundi wa kuhesabu.

Kete zangu za Ziwani ndo hizi: kombania moja nzuri ya nguvu 3, tuiite Tatu. Kombania ya nguvu 2, tuiite Mbili. Walowezi na mabaharia waliopewa bunduki, nguvu 1. Ruga-ruga, yaani wapiganaji wa kienyeji, kete mbili, kila moja nguvu 1. Juu ya hapo kuna Maxim, bunduki ya rashasha, inayoongeza 1 kwa anayejilinda, mzinga mmoja, kete mbili za wapagazi, na kiboti kimoja kinachobeba kete moja tu kwa zamu. Jumla ya nguvu ya watu ni 8. Mwalimu ana 12 (kete za 4, 3, 3 na 2) na meli mbili za kumshusha popote. Binti ana 12 upande wa magharibi. Tabora kuna kikosi cha Wahle, jenerali wa Kijerumani, cha nguvu 8 ambacho hakitoki.

Rula ambazo lazima uzijue ili unielewe. Ukishambulia unalinganisha nguvu, kinachozidi uwiano mzima kinakatwa, afu unarusha dadu moja. Ukiwa 1 kwa 1 unashinda kwa 5 au 6, 2 kwa 1 unashinda kuanzia 4, 3 kwa 1 kuanzia 2, na ukiwa chini ya mwenzio unashinda kwa 6 peke yake. Chumba chenye mawe kinamshusha mshambuliaji daraja moja, na nyie wa Mwanza mnajua mawe yetu, nusu ya vyumba hapa ni mawe. Aliyeshindwa anarudi nyuma, akikosa pa kurudi anakufa wote. Aliyeshambulia akashindwa anapoteza nguvu 1. Kete zote zinalala kifudifudi, adui haoni ni ipi mpaka dadu irushwe. Na hii ndo rula kubwa kuliko zote: anayeshambuliwa anaruhusiwa kujitoa kabla ya dadu kama ana chumba kisicho na adui nyuma yake, na mshambuliaji anaishia kwenye kile chumba kilichoachwa, mwendo wake wa zamu hio umekwisha. Na kete iliyojitoa inabaki kifudifudi.

Pointi: kila zamu Mwanza ikiisha ikiwa mkononi mwangu napata 1. Kuanzia zamu ya 8, kila zamu Tabora ikisimama napata 2. Mwisho wa gemu kila nguvu 1 ya kikosi cha Ziwa iliyo hai inanipa 1. Nikifika 12 nimeshinda.

Haya tuanze na machaguo, na naanza na lile linalopendwa. Kujaza wote Mwanza. Tatu, Mbili na Walowezi ni 6, Maxim 7, ndani ya mawe. Mwalimu akija na 12 zake zote ni 1 kwa 1, mawe yanamshusha, anahitaji 6 tu, yaani nafasi moja kati ya sita. Ukiangalia hapo unaona raha. Shida ni kwamba hakuna mtu mwenye meli mbili atakayekuja kugonga kichwa kwenye mawe. Anashusha 7 upande wa mashariki, anazunguka kushika barabara ya kusini pale Usagara, 5 zinakaa mbele yako, basi umefungwa. Kwenye rula zetu aliyezungukwa anakosa posho na kila kete inapungua 1 kila zamu. Zile 7 zinakuwa 4, zamu inayofuata zimebaki 2, na kiboti kinaokoa kete moja moja. Utapata pointi 5 za Mwanza, 4 za Tabora, hai sifuri. Tisa. Umepoteza na hujaacha mtu wa kumchelewesha Crewe njiani.

Kutawanya ufukweni sitakaa nalo sana. Kwenye ramani kuna sehemu saba za kushuka kati ya Mwanza na upande wa Magu, we una kete tano, na popote unapokaa na nguvu 1 yeye anakuja na 7. Mbaya zaidi ufukweni unajitoa kuelekea kwa jirani yako ambaye naye anashambuliwa, mnabanana.

Kwenda magharibi kumzuia Mbelgiji, kuna jamaa wa Kirumba anakitetea sana hiki na namheshimu kwa sababu ana hoja: Mbelgiji ndo aliyeingia Tabora kihistoria, Septemba 19, sio Mwingereza. Sawa. Ila angalia umbali. Mpaka Biharamulo ni vyumba kama 10, mbali na ghala, unatumia wapagazi wote wawili, unafika adui yupo. Na historia yenyewe inaonyesha. Kapteni Gudovius alikuwa analinda upande wa Kagera, alipoanza kurudi kusini Wabelgiji walishamtangulia, wakamkuta Kato mwanzoni mwa Julai, akajeruhiwa akatekwa. Mtu hodari, kikosi kizuri, lakini mlango wa kutokea ulishafungwa wakati bado anaangalia mbele.

La nne ni kuondoka mara moja kwenda Tabora na kila kitu. Hili lina akili zaidi ya watu wanavyodhani, unaokoa watu. Ila Crewe barabara nyeupe anatembea vyumba 4 kwa zamu, Mwanza mpaka Tabora ni vyumba 18, zamu ya 7 yupo getini. Hapo Tabora ina 8 za Wahle na 6 au 7 zangu, tuseme 14, na wao 24 wakishaungana. Hiyo ni 1 kwa 1, kila shambulio nafasi moja kati ya tatu. Kuhimili mashambulio mawili ni nafasi 4 kati ya 9. Chini ya nusu, na Mwanza umeitoa bure.

Sasa nilichofanya. Tatu pamoja na Maxim niliiweka Usagara, chumba kimoja kusini ya mji, kwenye mawe, pale barabara inapotoka. Mwanza mjini niliacha Mbili, Walowezi na mzinga. Ruga-ruga mmoja Kayenze, mwingine ufukwe wa mashariki kuelekea Magu. Mpagazi mmoja mjini na posho, mmoja Misungwi. Zote kifudifudi.

Binti aliuliza palepale, "Mjomba, mbona nyingi ziko nyuma, mji unalindwa na nani?" Nikamwambia mji unalindwa na barabara. Maana Mwanza kama chumba haina thamani kwangu kuliko pointi moja moja za kila zamu, lakini Usagara ikishikwa na adui napoteza kila kete iliyoko kaskazini yake kwa mpigo. Kwa hiyo nguvu yangu ya kweli inakaa pale ambapo kushindwa kunaua zaidi, na zile ninazoweza kuzikosa zinakaa pale ambapo kazi yao ni kuonekana tu.

Na mzinga? Huu ndo ulileta ubishi. Kwenye rula, mzinga ukiwa Mwanza meli haiwezi kuingia Ghuba ya Mwanza kuelekea kusini bila kurusha dadu, na 1 mpaka 3 meli inazama na kilichomo. Mnaijua Ghuba ile, ndo hio ambayo leo ina daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 za maji kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Sio bahari. Meli ikiingia mle inakupita nyuma mpaka Misungwi na Usagara yote inakuwa haina maana. Kwa hiyo mzinga haukuwa wa kulinda mji, ulikuwa kufuli ya maji, kama Tatu ilivyokuwa kufuli ya barabara.

Zamu ya 1 mwalimu aliangalia Kayenze muda mrefu. Kaona kete moja imelala. Inaweza kuwa Tatu na Maxim, inaweza kuwa ruga-ruga. Kwa nguvu aliyokuwa tayari nayo Ukerewe zamu ile asingependa kuikuta Tatu, basi akakaa akusanye zote 12. Zamu nzima, siku 10, imenunuliwa na kete ya nguvu 1 ambayo haikufanya chochote. Pointi 1.

Zamu ya 2 akashusha 7 mashariki. Ruga-ruga wa kule akajitoa kusini, bado kifudifudi, zile 7 zikasimama palepale ufukweni. Pointi 2.

Zamu ya 3 zile 7 zikaja moja kwa moja Usagara, kama nilivyotarajia, mzee anajua kusoma barabara. Akatangaza shambulio, nikafunua Tatu na Maxim. Saba kwa nne ni 1 kwa 1, mawe yakamshusha, anahitaji 6. Akarusha 4. Akapoteza 1, zikabaki 6. Alikaa kimya akaigeuza ile kete yangu mara mbili na kidole, afu akasema, "Kwa hiyo mjini hamna kitu." Sikumjibu, ila ndo ulikuwa ukweli, na alikuwa ameujua zamu moja nyuma ya muda wake.

Sasa kwenye zamu hiyohiyo ya 3, kabla yake, nilikuwa nimeshatumia kiboti, na hapa nataka tukae kidogo maana ndo uamuzi mgumu kuliko hata ule wa Tatu. Kiboti kinabeba kete moja. Mjini kuna Mbili, Walowezi, mzinga, mpagazi. Unatoa nini kwanza? Watu wengi wanatoa mzinga kwa sababu unauma kuuacha, au Mbili kwa sababu ina nguvu. Nilimtoa mpagazi. Jamani, kikosi chochote kikiwa zaidi ya vyumba viwili kutoka ghalani bila mpagazi kinapigana kwa nusu, na kete moja ya wapagazi inahudumia nguvu 5. Mimi mbele yangu nina vyumba 18 hadi Tabora na ghala pekee liko Mwanza na Misungwi. Nikibaki na mpagazi mmoja, katika nguvu zangu 8, 5 tu ndo zinakula, zinazobaki ni mzigo. Mpagazi mmoja kwa hesabu hiyo ana thamani kubwa kuliko Mbili yenyewe.

Na hili silisemi kwa sababu ya gemu tu. Vita ile ilibebwa kichwani, na waliobeba ni babu zetu, Wanyamwezi, Wasukuma na wengine wengi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, pande zote mbili, wengi hata jina halikuandikwa popote. Ndo maana kwenye bodi yetu tulikataa kuwafanya wapagazi kuwa namba ya pembeni. Ni kete, wana nafasi, wakipotea jeshi linasimama. Mtu akicheza akawasahau anapoteza, na naona ni haki apoteze.

Zamu ya 4 kiboti kikamchukua Mbili kwenda Misungwi. Mwalimu akashusha zile 5 Kayenze, ruga-ruga akajitoa kuingia mjini. Zile 6 za mashariki badala ya kugonga tena mawe ya Usagara zikajaribu kuzunguka kushuka Misungwi. Hapo akakuta kete mbili zimelala: Mbili aliyetoka kwenye boti, na yule ruga-ruga wa mashariki aliyejitoa zamu ya 2 kuja huko. Yeye anajua Tatu iko Usagara, lakini hizi mbili hajui, na ameshapigwa mara moja kwa kutojua. Akasimama. Zamu ikaisha Mwanza bado ni yangu, pointi 4. Kihistoria Crewe alishusha watu mashariki ya mji usiku wa kuamkia Julai 12, na Julai 14 mji ukawa wake, Wajerumani wakashuka na Ghuba kwa boti zao, yaani ndani ya zamu hii ya 4. Tumemzidi kidogo.

Zamu ya 5 Walowezi na ruga-ruga wa Kayenze wakatoka mjini kwa miguu, wakapita Usagara mgongoni mwa Tatu, na Tatu ikaondoka ya mwisho. Mzinga ukabaki. Uliuma? Ndiyo, ila kazi yake ilikuwa imekwisha, hakuna mtu aliyebaki nyuma ya kulindiwa maji. Kete zote tano za watu zikawa kusini, nguvu 8, hakuna iliyokufa, wapagazi wawili wapo.

Kutoka hapo ni mwendo wa kuchelewesha na sitausimulia wote. Kila zamu naacha kete moja imelala barabarani, anakuja, anatangaza, najitoa, anasimama. Badala ya vyumba 4 anatembea 2. Mbili ilipoteza 1 zamu ya 8 nilipoibakiza sehemu kavu isiyo na posho, na ruga-ruga mmoja akarudi kwao tulipofika Shinyanga, maana tuna rula kwamba ruga-ruga ukimvuta mbali na kwao unamrushia dadu. Naiona rula ya haki, mtu aliyeitwa kulinda kijiji chake ana sababu gani ya kufa Tabora?

Kuna uamuzi wa pili wa kuweka nguvu nao unafaa kuangaliwa. Zamu ya 9 Wabelgiji wamefika Tabora, 12 dhidi ya 8 za Wahle, 1 kwa 1. Tatu ilikuwa na uwezo wa kuwahi kuingia mjini. Kila aliyekuwa pale, hadi mwalimu, alidhani nitaiingiza. Piga hesabu: 8 na 3 ni 11. Kumi na mbili kwa kumi na moja bado ni 1 kwa 1, dadu ni ileile 5 au 6. Kombania yangu nzuri kuliko zote ingeingia Tabora na isingebadilisha chochote, halafu ingebaki imefungwa ndani. Ili kumshusha daraja ningehitaji kuzidi 12, yaani kuingiza karibu wote, na barabarani kwa Crewe angebaki nani? Nguvu isiyovusha daraja ni nguvu iliyotupwa, haijalishi inaonekana ya kishujaa kiasi gani. Nikaipitisha mashariki ya Tabora kuelekea kusini ya reli.

Binti akarusha zamu ya 9 akapata 3, Tabora ikasimama. Zamu ya 10 akapata 5, ikaanguka, zamu ileile ya kihistoria. Crewe wakati huo kavuka Shinyanga hajafika Nzega. Pointi: Mwanza 4, Tabora 4, hai 6. Kumi na nne.

Sasa mnisikilize kuhusu udhaifu wa plani hii, maana upo. Mwalimu alikuwa na dawa yake kuanzia zamu ya 2: kuingiza meli Ghubani na kurusha dadu mbele ya mzinga. Nusu kwa nusu. Akipita, kete yake ya 4 inashuka Misungwi, Usagara imefungwa mgongoni, wapagazi wangu wamekatika. Hakufanya kwa sababu kete ya 4 ndo bora yake na meli ni mbili tu, kuzamisha vyote kwa dadu moja si tabia yake. Naelewa. Lakini nilimwambia waziwazi baada ya gemu, na nawaambia na nyie, asipeleke ile ya 4, apeleke ile ya 2. Akizama kapoteza kidogo. Akipita, hata nguvu 2 ikilala kifudifudi Misungwi mimi sijui ni ipi, na hapo kinachonisumbua ni kilekile nilichomsumbua nacho Kayenze.

Jibu langu kwa hilo nimeshalitafuta. Ni kuweka ruga-ruga wa pili Misungwi tangu mwanzo badala ya mashariki, hata kama ufukwe wa Magu unabaki mtupu, kwa sababu anayeshuka mashariki bado ana vyumba vitatu vya kutembea na ataishia kwenye mawe ya Tatu, ila anayeshuka Misungwi amefika tayari. Gharama yake ni kwamba zile 7 zitafika Usagara zamu ya 2 badala ya ya 3, na huenda Mwanza ikanipa pointi 3 badala ya 4. Nipo tayari kuilipa. Mwalimu kasema Jumamosi anakuja na ile kete ya 2 kwenye meli, na mi ruga-ruga wangu atakuwa Misungwi.